Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya utangazaji Uingereza: iacheni 648 hewani, itunzeni Ross Revenge

Waheshimiwa,

Shikamooni.

Barua hii naiandika kwa Waziri wa Uingereza mwenye dhamana ya utamaduni na vyombo vya habari, kwa wakuu wa Ofcom wanaogawa masafa ya redio, na kwa viongozi wa pwani ya Essex ambako meli ninayotaka kuizungumzia imetia nanga. Nakala ya Kiingereza itawafikia kwa posta. Hii ya Kiswahili nimeiweka hadharani kwa makusudi. Katika kikundi chetu cha mashabiki wa Radio Caroline, mzaliwa wa Tanga ni mimi peke yangu, na ndugu zangu walioko Reading, Milton Keynes, Leicester na nyumbani hawaishi kuniuliza: "Hiyo redio ya melini inakuhusu nini wewe?" Nataka jibu walisome pamoja nanyi.

Ombi langu nalitanguliza, ili hata atakayechoka njiani awe amelisikia. Masafa ya kati (AM) msiyafunge kwa redio ndogo zinazoyahitaji, ikiwemo kilohezi 648 inayotumiwa na Radio Caroline. Na meli ya redio hiyo, Ross Revenge, iliyoko Mto Blackwater tangu mwaka 2014, itafutieni gati la kudumu na fungu la matengenezo kabla kutu haijamaliza kazi yake. Mkikubali moja mkakataa la pili, mtatuachia mzinga wa ngoma usio na ngozi.

Kwa ndugu zangu wasiojua kisa chenyewe: mwaka 1964 redio zote zilizoruhusiwa kutangaza kutoka Uingereza bara zilikuwa za BBC. Muziki wa vijana ulipigwa kwa kipimo, kwa sababu makubaliano na wanamuziki na kampuni za santuri yaliiwekea BBC ukomo wa saa za kupiga sahani. Usiku watu walitafuta Radio Luxembourg, ambayo mawimbi yake yalikuja na kupotea. Kijana mmoja wa Ireland, Ronan O'Rahilly, alikuwa na msanii wake, Georgie Fame, na kila mlango aliobisha akaambiwa hapana. Akachukua kivuko cha zamani cha Denmark kilichoitwa Fredericia, akakifunga mitambo na mlingoti katika bandari ya Greenore iliyokuwa ya familia yake, akakileta mbele ya Felixstowe, nje ya maji ya Uingereza. Tarehe 28 Machi 1964, Jumamosi ya Pasaka, Radio Caroline ikaanza rasmi. Sheria ya nchi haikufika pale. Wakaitwa maharamia.

Nami sitawaambia kwamba serikali ya wakati ule haikuwa na hoja. Ilikuwa nazo. Masafa yaliyokuwa yakitumiwa na meli zile yalikuwa yamegawiwa nchi nyingine kwa makubaliano ya kimataifa. Wanamuziki wengi hawakulipwa haki zao. Mwezi Juni 1966 Reg Calvert, mmiliki wa Radio City iliyotangaza kutoka kwenye ngome ya vita katika mlango wa mto Thames, aliuawa kwa kupigwa risasi katika mvutano juu ya kituo hicho, na hapo uvumilivu wa wakubwa ukaisha. Sheria ikapitishwa bungeni, ikaanza kazi usiku wa kuamkia tarehe 15 Agosti 1967. Raia wa Uingereza akifanya kazi kwenye redio ile, akiipelekea chakula au dizeli, akimbeba mtu kwa mashua kumpeleka, au akitangaza biashara yake humo, angeweza kufungwa hadi miaka miwili. Radio London, redio nyingine ya melini, ilizima mitambo saa tisa alasiri siku iliyotangulia. Caroline ikavuka saa sita usiku ikiwa hewani, Johnnie Walker na Robbie Dale wakiwa kwenye maikrofoni.

Wiki sita baadaye, tarehe 30 Septemba 1967, BBC ikafungua Radio 1 kwa ajili ya vijana walewale, na waliokaa mbele ya maikrofoni walikuwa kwa sehemu kubwa watangazaji waliotoka melini. Tony Blackburn ndiye aliyeifungua. Naomba mlitafakari hilo, Waheshimiwa. Kilichoitwa kosa mwezi Agosti kilikuwa kipindi cha asubuhi mwezi Septemba.

Lakini watangazaji wameandikwa sana. Mimi nimekuja kuwasemea waliokuwa nchi kavu.

Nilipofika Essex nilifanya kazi ya kuwahudumia wazee majumbani. Mmoja wao aliishi karibu na Frinton, na mezani kwake palikuwa na redio ndogo ya betri yenye mkanda wa ngozi. Siku ya kwanza nilipoiwasha ilikuwa ikikwaruza. Akaniambia niigeuze robo, ubavu wake ukae upande wa dirisha. Nikaigeuza, sauti ikatulia kama maji kwenye mtungi. Babu yangu Tanga alikuwa akifanya vilevile na redio yake ya mbao, akiitafutia kona barazani hadi Idhaa ya Kiswahili ya London isikike bila mvumo, huku betri zilizochoka zimeanikwa juani juu ya ukuta ili zipate nguvu za siku moja zaidi. Sikumwambia mzee kitu. Nilikaa tu nikasikiliza.

Baada ya muda akanihadithia. Mwaka 1966 na 1967, usiku, vijana wenye magari waliegesha ufukweni Frinton, pua za magari zikitazama bahari. Johnnie Walker akiwa melini aliwauliza maswali hewani, nao wakamjibu kwa taa za gari: wakiwasha na kuzima. Yeye huko gizani, umbali wa maili tatu na ushei, aliziona na kuzisoma, akawajibu kwa maneno na kwa santuri. Mzee wangu alikuwa mmoja wao, na gari lilikuwa la baba yake. Alipofika hapo alicheka mpaka akakohoa, akaomba maji. Hakuna mtu aliyewapanga vijana wale, wala hawakuwa na kadi ya uanachama. Ila mimi nikiulizwa kikundi chetu kilianza lini, nitasema kilianza pale.

Ndugu zangu wa nyumbani hawahitaji kufafanuliwa. Nani kati yetu hakukua na wapenzi wa salamu? Watu walinunua kadi za salamu, wakaandika majina ya marafiki kumi wa mikoa saba, ambao wengine hawajawahi kuonana nao, wakapeleka redioni na kusubiri wiki nzima kusikia majina yao yakisomwa. Deutsche Welle ilipotangaza kwa Kiswahili kutoka Ujerumani, vijijini kwetu pakaundwa vilabu vya wasikilizaji, na barua zao zikavuka bahari. Redio ilikuwa ya mbali, lakini klabu ilikuwa ya mtaani, chini ya mwembe, na daftari la michango. Taa za Frinton zilikuwa kadi za salamu za watu ambao posta yao ilikuwa imefungwa kwa sheria.

Baada ya 1967 ushabiki ukawa kazi. Watu walijiunga katika Free Radio Association, wakaandikia wabunge, wakaandamana London. Uholanzi nako, meli ya Radio Veronica ilipotupwa ufukweni Scheveningen na dhoruba mwezi Aprili 1973, Caroline iliwaazima meli yake ili sauti isikatike, na tarehe 18 mwezi huohuo makumi ya maelfu ya watu wakajaa The Hague kuitetea Veronica bungeni. Sheria ilipita hata hivyo. Lakini wakubwa wa Uholanzi waliona umati ule, na baadaye Veronica ikapewa nafasi ndani ya utaratibu halali wa utangazaji. Uingereza ilichukua muda mrefu zaidi kusikia, na muda huo gharama yake ililipwa na mashabiki.

Mwezi Machi 1980 meli ya Caroline ya wakati huo, Mi Amigo, ilizama katika dhoruba kwenye mlango wa Thames. Mashua ya uokoaji kutoka Sheerness iliwatoa wote waliokuwamo, pamoja na ndege wao wa kufugwa. Kwa miaka kadhaa mlingoti ulibaki umesimama juu ya maji kama mti uliomea baharini. Watu wazima walikwenda kwa mashua kuutazama, wakarudi kimya. Mwezi Agosti 1983 ikaja Ross Revenge, meli ya uvuvi iliyoundwa Bremerhaven mwaka 1960, iliyokokota nyavu katika bahari ya Iceland na kuwamo katika vita vya samaki vya miaka ya 70, ule mvutano wa Uingereza na Iceland juu ya uvuvi. Ilifungwa mlingoti wa futi 300. Mashua zikawa zinatoka usiku kimyakimya katika vijito vya Kent na Essex zikiwa na mikate, magazeti, betri, na vyombo vya dizeli. Waliozipeleka ni mafundi bomba, walimu, madereva. Walijua adhabu yake.

Agosti 1989 maofisa kutoka Uholanzi waliipanda meli katika bahari kuu, wakakata na kubeba mitambo. Wiki sita baadaye sauti ikarudi kwa nguvu ndogo. Novemba 1990 redio ilinyamaza kwa sababu sheria mpya ilikuwa inakuja kuwafuata hata nje ya maji ya nchi. Halafu usiku wa Novemba 1991 meli ikiwa haina sauti ilikatika nanga, ikasukumwa hadi fungu la mchanga la Goodwin. Kila baharia wa pwani ile anajua kwamba chombo kikipanda fungu lile huwa hakishuki. Helikopta ikawachukua waliokuwamo. Meli ikavutwa, ikatoka, ikapelekwa Dover.

Hapo ndipo pangekuwa mwisho. Meli haina mitambo ya maana, haina leseni, haina fedha, imefungwa bandarini na inadaiwa. Aliyeiokoa hakuwa tajiri wala taasisi. Walikuwa mashabiki, waliochanga pauni tano tano na kumi kumi, wakaenda mwisho wa wiki na brashi za waya kukwangua kutu. Kwa miaka mingi waliiomba serikali leseni za muda za siku 28, wakatangaza, wakazima, wakangoja tena. Wakaingia kwenye setilaiti, wakaingia kwenye intaneti. Na tarehe 22 Desemba 2017, miaka 53 baada ya Pasaka ile ya Felixstowe, Radio Caroline ikaanza kutangaza katika masafa ya kati kwa leseni ya Ofcom, kilohezi 648, kutoka Orfordness, pale pale BBC ilipokuwa ikirushia matangazo yake ya dunia kwenda Ulaya kwa masafa hayohayo hadi Machi 2011. Ilianza na kilowati moja. Baadaye mkairuhusu kuongeza.

Kwa leseni ile nawashukuru, Waheshimiwa, na nasema kwa moyo wangu wote. Aliyewahi kufuatwa na sheria akipewa cheti na sheria ileile, ni heshima kwa pande zote mbili.

Sasa nina hofu, na hofu yangu ni hii. Masafa ya kati yanahamwa. Ujerumani, Ufaransa na Uholanzi zilizima mitambo yao mikubwa ya taifa kati ya 2015 na 2016. Hapa Uingereza Absolute Radio iliondoka 1215 mwezi Januari 2023. Vituo vya mikoa vya BBC vimezimwa kimoja baada ya kingine katika masafa hayo. Kila anayeondoka anataja sababu zake, nami sizipuuzi: umeme ni ghali, mitambo imezeeka, watu wengi wamehamia redio ya dijitali na simu. Kampuni kubwa ikiona hasara ina haki ya kuondoka. Ninachoogopa ni siku ambapo kuondoka kwa wakubwa kutafanywa sababu ya kuwafungia wadogo, mtu mezani akaandika kwamba bendi hii haina wenyewe.

Inao. Mnara mmoja wa masafa ya kati unafunika eneo ambalo kwa FM au dijitali lingehitaji minara mingi. Mawimbi yake hushika ardhi na maji, yakapita juu ya mabwawa ya chumvi na vijito vya Essex hadi kwenye vyumba vya mashua. Usiku hupaa angani na kurudi chini mbali kabisa. Kinachoyapokea ni chombo rahisi kuliko vyote, chenye betri mbili, kisichodai nywila wala malipo ya mwezi. Mzee wangu wa Frinton alikaa wiki kadhaa bila simu wala intaneti kwa sababu kampuni fulani ilikosea kumhamisha kutoka laini ya zamani kwenda mpya. Katika wiki hizo nilipofungua mlango asubuhi nilikuta mambo mawili: birika limeshachemka, na 648 inaongea. Dhoruba ilipokata umeme mtaa mzima, jirani yake mwenye spika za kisasa alikuja kukaa sebuleni kwetu.

Kwa hiyo naomba hivi: kabla hamjaamua lolote juu ya bendi hiyo, waiteni wenye redio ndogo na vikundi vya wasikilizaji wao mezani, si baada ya uamuzi. Anayeondoka na kuacha nafasi, nafasi yake igawiwe kwa ada ambayo kikundi cha kijiji kinaweza kuilipa. Na leseni ya 648 ipewe muda mrefu, mtu aweze kununua mtambo mpya bila hofu kwamba mwakani utakuwa chuma chakavu. Jirani yenu wa Isle of Man ameonyesha inavyowezekana. Bunge la kisiwa kile liliikataa sheria ya 1967, ikabidi ipelekwe kwao kwa amri kutoka London. Miaka mingi baadaye redio ya kisiwa, Manx Radio, iliiazima Caroline masafa yake ya 1368 kwa wikendi moja ya mwezi, sauti ikasikika tena pande zote za Bahari ya Ireland. Serikali yao haikupungukiwa na kitu.

Nimalizie na meli. Mimi ni mtu wa pwani, nimekua nikiona majahazi yakipandishwa ufukweni kwa kalafati, na najua chombo kinasema nini kinapochoka. Ross Revenge imeundwa mwaka 1960. Imekaa katika chumvi zaidi ya miaka sitini. Rangi tunaipaka, kutu tunaikwangua, jenereta tunalihudumia, lakini tumbo la meli chini ya maji halitibiwi kwa brashi na ndoo. Linahitaji chelezo, mabati mapya na mafundi wa kulipwa. Mashabiki wamechanga na wataendelea kuchanga. Wengi wao sasa wana miaka sabini na kitu, na ngazi ya kupandia kutoka mashua ndogo haijawahi kuwa rafiki wa magoti. Kila mwaka tunamzika mmoja au wawili. Mzee wangu aliyeniambia niigeuze redio tulimzika majira ya baridi, na mwanawe akanipa ile redio pamoja na mkanda wake.

Taifa hili linatunza meli za kivita, meli za chai, na mashua za wafalme. Ndani ya Ross Revenge ziko studio zilezile zilizotangaza baharini, santuri kwenye rafu zake, meza ambayo mtangazaji alijishikilia kwa goti wimbi lilipopiga. Gati moja ambalo mtoto wa shule anaweza kulifikia kwa miguu lingetosha. Hivi sasa anayetaka kuiona hupanda mashua West Mersea, na upepo ukikaza safari huahirishwa.

Njoni. Chagueni Jumamosi ya maji makubwa, tutawapa majaketi ya kuokolea na chai ya maziwa. Mwende hadi studio, mkae kwenye kile kiti, msikie mlio wa jenereta chini ya miguu. Halafu mkiwa mmekaa hapo hapo, mtujibu barua hii.

Salamu zangu ziwafikie wanaovuka na ndoo za rangi kila wiki. Watu wa mashua ya uokoaji ya Sheerness. Wasikilizaji wote wa 648 kutoka Suffolk hadi ng'ambo ya maji. Wapenzi wa salamu wa Tanga, Mombasa na Ujiji. Bila kumsahau kijana wa mwaka 1966 aliyewasha taa za gari la baba yake ufukweni Frinton. Ujumbe: tunakusikia vizuri.

Wenu katika heshima,

Mwanachama wa kikundi cha mashabiki wa Radio Caroline, pwani ya Essex